Kumeza Mbele ya Mama Mkwe

Wagonjwa walikuwa wakienda kutema makohozi nyuma ya ghala la kijiji, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kikopo chake chenye kifuniko. Aliyerudi alikileta kikopo kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha, na Theodosia alikipokea mlangoni pa zahanati, akakibandika jina na kukipanga kwenye sinia. Alikuwa amevaa aproni nyeupe iliyotiwa wanga wa muhogo mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Daktari alikuwa ameagiza kwamba kila mtu ateme mbele ya macho ya mhudumu. Theodosia aliitikia, kisha akafanya kama alivyolelewa. Katika nchi ya Waha mtu mwenye adabu hatemi mbele ya mama wa makamo, maana kutema mbele ya mtu ni kumtukana, na wengine husema ni kumlaani kabisa. Kwa hiyo aliwaacha waende zao nyuma ya ghala wakahangaike na vifua vyao bila kuonekana.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1977, katika kijiji cha Nyakivumu, mbele ya Kasanda unapotokea Kibondo. Daktari Khatibu alikuwa amefika jana yake jioni kutoka vijiji vya Kasulu, Landrova yake ikiwa nyekundu kwa vumbi, na hadubini ameifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hivi kwamba wazee waliitikia kwa kichwa hata pale walipokuwa hawajaelewa.

Aliwakalisha kwenye madawati ya shule akawaeleza kilichomleta. Mwaka uliopita wakubwa wa afya walichagua vijiji vichache, wakaamua kwamba mwenye kifua kikuu katika vijiji hivyo hatalazwa tena hospitali miezi miwili ya sindano, bali atachomwa kwao, kisha atamezeshwa vidonge kwao mpaka mwaka uishe. Sasa mwaka umekwisha, naye amekuja kuona nani amepona, nani hakupona, nani hajulikani alipo, na kupona kwa kila mtu kumegharimu nini. Kitanda kina bei yake, alisema. Uji wa mgonjwa una bei yake, na mke anayemfuata mumewe akalala barazani ana bei yake, na maharage yanayooza shambani mama huyo akiwa barazani, hayo nayo yahesabiwe. Kama kijiji kinaponya sawasawa na kitanda, dawa zitashushwa vijijini wilaya nzima. Kama hakiponyi, watu watarudi kitandani.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya kurudi kitandani. Hospitali ilikuwa mbali, na wengi waliolazwa walivumilia majuma mawili, wakawaza mashamba yao, wakatoroka usiku kwa miguu, wakaja kufia nyumbani. Mume wa Theodosia alikuwa mmoja wao. Alirudi akilima na kukohoa, akilima na kukohoa, mpaka siku ile jembe lilipoonekana limesimama peke yake kwenye tuta.

Ndiyo maana Theodosia alipopewa kazi ile aliikamata kwa mikono yote miwili. Tabibu wa zahanati alikuwa amehamishiwa Buhigwe na mwingine hajaletwa, hivyo mhudumu alikuwa yeye na msimamizi alikuwa yeye. Alichemsha mabomba ya sindano juu ya jiko la mafuta ya taa kabla jogoo hajawika mara ya pili. Alijua matako ya kila mgonjwa wake, lipi gumu, lipi laini, lipi la mtu anayelia kabla hajaguswa. Miezi ya sindano ilipokwisha vikaja vidonge, na hapo ndipo alipopata jina. Kila asubuhi mgonjwa alimeza mbele yake, kisha Theodosia alimwambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Hakuwa na simile na yeyote. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, alipougua, aliinua ulimi. Watu wakamwita Bibi Fungua, na watoto wakamwimba hivyo njiani, naye akatembea shingo juu zaidi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumwambia afungue mdomo, naye ni Hatungimana, mume wa binti yake Immakulata.

Hatungimana alikuwa fundi matofali, kijana mrefu, mkimya, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani akiwa bado mgongoni. Mila kuhusu mkwe ni ileile pande zote mbili za mpaka: hali chakula mbele ya mama mkwe, hamtazami machoni, na ndani ya kinywa chake si mahali pa mama mkwe kupaona. Walipokutana njiani, mmoja aliingia majanini. Alipougua na ikabidi atibiwe na mama mkwe wake mwenyewe, kijiji kizima kilitaka kuona itakuwaje. Theodosia alitundika pazia la kanga mlangoni. Hatungimana alisimama nje, akapitisha mkono pembeni mwa pazia, naye akauchoma ule mkono bila kuuona uso, na watu wakacheka wiki nzima. Vidonge alimwekea kwenye kisahani dirishani pamoja na kikombe cha maji, akageuka akatazama ukuta. Kisahani kilirudi kitupu kila siku. Lile likamtosha, na kwa kweli alijiona amelimaliza jambo gumu kwa busara kubwa.

Saa sita mchana Daktari Khatibu alikuwa amekaa dirishani darasani, kioo cha hadubini kimeelekezwa juani, msaidizi wake akipaka rangi makohozi juu ya vipande vya kioo na kuyapasha moto kwa taa ya spiriti. Nje watu walingoja. Hatimaye daktari alitoka, kofia mkononi, akatangaza mbele ya wote kwamba hakuona mdudu hata mmoja. Akasema tangu aanze safari Kasulu alikuta vijiji vizuri viwili vitatu, ila hapa, kwa jinsi wagonjwa wao walivyokuwa mahututi, hakutegemea. Akamtafuta Theodosia kwa macho, akamwinamia kidogo.

Vigelegele vilipasua hewa. Mwenyekiti aliamuru mbuzi. Theodosia alisimama pale na aproni yake, na furaha ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni yakawa ya moto. Alijivuna waziwazi, wala hakujificha. Alimkumbuka mumewe, akatamani angekuwepo asikie mtu wa pwani akimwinamia mke wake.

Jikoni, nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, wanawake walikuwa wakimenya ndizi. Esteri, muuza pombe ya ndizi, mmoja wa waliopona, alimsogelea kwa bega akamnong'oneza huku akicheka. Alikuwa na siri tamu na hakuweza kukaa nayo.

"Mimi leo nimetema vya watu wawili," alisema. "Mkweo alikuwa amesimama kule nyuma, kifua kinambana, anaogopa utamsikia. Nikamwambia lete hicho kikopo, mwana wanje, mwanangu wee, mimi ninayo masafi. Sasa wewe ungekosa sifa hii yote kwa ajili ya mate?"

Kisu cha Theodosia kilisimama kwenye ganda la ndizi. Alimwuliza kama Hatungimana anakohoa. Esteri, bado akitabasamu, akasema mbona anakohoa tangu mvua zilipokwisha, ila akikohoa anakwenda kwenye tanuri lake kwa sababu ya heshima. Kisha akauona uso wa mwenzake, na tabasamu likamwisha.

Theodosia aliendelea kumenya ndizi mbili nzima, mikono ikifanya kazi peke yake. Akili ilikuwa ikienda mbio. Mbuzi akiliwa Landrova itaondoka, na pamoja nayo habari njema, na baada ya habari njema zitakuja dawa kila kijiji. Akinyamaza, nani atajua? Esteri hatasema. Hatungimana hatasema hata akikatwa. Lakini vidonge vya mwaka vilikuwa vimekwisha kabatini, na Immakulata alilala chumba kimoja na kile kifua, na katikati yao alilala mtoto. Na hata hao wakiwekwa kando, liliingia wazo jingine lililomchoma zaidi. Dawa zikishushwa wilaya nzima kwa sifa ya Nyakivumu, kila kijiji kina mama mkwe, na kila mama mkwe atatundika pazia lake na kutazama ukuta, akiamini amefanya kama Theodosia.

Aliweka kisu chini, akaenda zahanati, akachukua kikopo kimoja safi.

Hatungimana hakuwa amekuja kwenye karamu, maana asingeweza kula mahali mama mkwe anapokula. Theodosia alimkuta kwenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake, akiziba nyufa kwa udongo. Alipomwona alifanya kama siku zote, akageuka upande. Immakulata alitokea mlangoni na mtoto mgongoni, akataka kusalimu, akaona kikopo.

Theodosia alimuuliza mkwewe vidonge vilikwenda wapi.

Alijibu akiwa amelitazama tanuri, akimwita mama mkwe kwa lugha ya kwao. "Vilikuwa vinanitapisha, mabukwe. Kila nikimeza vinarudi. Ningekuambiaje wewe maneno ya kutapika? Halafu nikapata nguvu, nikaona nimepona. Nikawa navitia hapa motoni."

Alisema hayo bila ubishi, kama mtoto anayeonyesha mahali alipovunjia chungu. Theodosia alilitazama tanuri lile lililokula dawa ya serikali asubuhi baada ya asubuhi, wakati yeye akitazama ukuta na kujisifu moyoni. Hasira ilimjia, kisha ikakosa pa kutua. Kijana huyu hakumdanganya kwa uhuni. Alimheshimu mpaka akakaribia kufa.

Akamnyooshea kikopo. "Tema."

Hatungimana alikipokea, akaanza kuzunguka tanuri ajifiche upande wa pili.

"Hapana," alisema Theodosia. "Hapa. Mbele yangu."

Immakulata alijiziba mdomo kwa kiganja. Hatungimana alisimama, kikopo mkononi, mabega yamemshuka, na kwa muda Theodosia alidhani atakimbia. Badala yake alipiga magoti kwenye vumbi la matofali. Alivuta pumzi, na kikohozi alichokuwa amekizuia asubuhi nzima kilitoka chote kwa pamoja, kikamtikisa mgongo, na mama mkwe wake alisimama palepale akimtazama mpaka mwisho. Kwenye kikopo kulikuwa na uzi mwembamba wa damu. Kijana alikifunika upesi, akabaki amepiga magoti, hathubutu kuinua uso.

"Hujanilaani," Theodosia alimwambia. "Mimi ndiye niliyeomba."

Alikipitisha kikopo kile katikati ya karamu. Daktari Khatibu alikuwa ameshika paja la mbuzi, na mwenyekiti pembeni yake akimsimulia mipango ya kujenga zahanati ya matofali ya kuchoma. Theodosia aliomba radhi kwa kukatiza chakula, akamwambia daktari anawe mikono warudi darasani, kwani kuna kikopo kimoja hakikuwa cha mwenyewe. Mwenyekiti aliinuka akawafuata. Njiani alimshika Theodosia kiwiko na kumwuliza kwa sauti ya chini kama amerukwa na akili, ataangusha kijiji kizima kwa ajili ya mtu mmoja, jambo hili si lingesemwa kesho, gari likishaondoka. Theodosia alitoa kiwiko chake taratibu, akaendelea na safari.

Jua lilikuwa limeanza kuinama, na msaidizi alilazimika kuisogeza hadubini dirisha la pili ili kupata mwanga. Daktari alitazama muda mrefu. Kisha alijitoa kwenye kiti akamwashiria Theodosia akae yeye. Hakuwahi kuweka jicho pale maishani mwake. Kwanza aliona kope zake mwenyewe, halafu bluu tupu kama anga baada ya mvua, halafu, ndani ya ile bluu, vijiti vyekundu vimelala hapa na pale, vyembamba, vimetulia, kana kwamba vina haki ya kuwa pale. Hivi ndivyo vilivyomla mume wake. Alivitazama kwa makini kama mtu anayetaka kumkumbuka adui sura.

Akainuka, akaeleza yote akiwa amesimama wima: pazia, kisahani, ukuta, tanuri, na nyuma ya ghala. Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Mwenyekiti alisema, kwa mgeni, kwamba mtu mmoja si kitu, kila shamba lina shina lililokauka.

"Mama Theodosia," daktari alisema mwishowe, "unajua nikiliandika hili, kijiji chako hakitakuwa cha kwanza tena. Na watu wa Dar es Salaam wanaoamua mambo haya wanapenda sana vijiji vya kwanza."

"Andika. Ila andika na sababu yake," Theodosia alijibu. "Dawa haikushindwa, na kijiji hakikushindwa. Kuna asubuhi mimi niligeuza uso. Ukiandika kwamba hakupona tu bila hilo, utakuwa umeandika uongo mwingine."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa ilikuwa safi. Akasema, polepole, kwamba kule Kasulu kuna vijiji viwili ambavyo havikuwa na kasoro hata kidogo, naye alifurahi akasonga mbele, wala hakuuliza watu walitemea wapi. Kisha alimwita dereva, akamwambia kesho hawataendelea na safari, watageuza gari warudi njia waliyojia. Dereva akauliza kwani wamesahau kitu. Daktari akasema ndiyo.

Kuhusu dawa za wilaya nzima hakumwahidi lolote. Alisema pale pale, kwa unyofu, kwamba uamuzi si wake, na kwamba unaweza kwenda huku au kule. Lakini kabla ya giza aliteremsha kutoka kwenye Landrova katoni moja ya sindano na vidonge, akaibeba mwenyewe mpaka kabatini, akamwelekeza namna ya kumwanza Hatungimana upya, na kwamba safari hii kila kidonge kitanguliwe na uji ili tumbo lisikatae. Walipoagana hakumwinamia kidogo kama mchana. Alimpa mikono yote miwili, akasahau kuitoa.

Theodosia alirudi nyumbani kwa njia kubwa, si ile ya mashambani. Wengine walimsalimu, wengine walitazama pembeni, na Esteri alikuwa amekaa kizingitini pake akilia kwa kwikwi, akarudia kwamba hakukusudia ubaya. Alimwambia ajikaushe macho, kesho aje kusaidia kuchemsha. Alikuwa ametegemea aibu imshukie barabarani. Aliingoja kila hatua. Badala yake alijikuta shingo i juu kama jana, na fahari yake imo, ila imekuwa nzito zaidi, ya kubebwa na mtu mzima.

Asubuhi alilishusha pazia. Habari ilikuwa imetembea, na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika uwanjani wakijifanya wana shughuli zao. Hatungimana alikuja na Immakulata na mtoto. Alisimama mahali pa siku zote, nje ya mlango, akatafuta pazia kwa mkono na asilipate.

"Mwakeye," Theodosia alimsalimu, kama anavyosalimu mgonjwa yeyote, na akamwambia aingie.

Aliingia. Alichomwa sindano bila kupepesa. Akapewa uji, akaunywa amefumba macho, kila funda likionekana linapita kooni kwa shida, na nje hakuna aliyecheka. Akapewa vidonge. Akavimeza, akaongezea maji, akangoja.

"Fungua mdomo."

Alipiga magoti ili asimzidi kimo, akafungua, huku machozi yakimtiririka pembeni mwa macho yaliyofumbwa. Akainua ulimi bila kuambiwa. Chini ya ulimi hapakuwa na kitu. Theodosia alikuwa amekwisha kuhakikisha, na wagonjwa wengine angekuwa amekwisha kuwaambia wafunge waende zao. Lakini kwenye meno ya juu ya mkwewe kulikuwa na mwanya, mpana, mzuri, ule ule alionao mjukuu wake, ambao ukoo mzima ulikuwa ukibishana umetoka kwa bibi yupi. Aliinama kidogo, mwanga wa mlango ukaingia, akaendelea kutazama.